Kulwa Amemnunia Doto

Wenzangu, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe. (Nguo za heshima. Gauni nilikuwa nalo, tena lile la bluu la sikukuu.) Nawaandikia saa kumi na nusu hii ya alasiri, kabla hamjasikia kwa mtu mwingine, maana Kariakoo habari haichelewi. Afadhali mnisikie mimi mwenyewe. Mtu mwingine ataongeza chumvi, na hii ilivyo haihitaji chumvi.

Mnanijua. Ni yuleyule Zuhura wa Gerezani mliyesoma naye uhazili, anayepiga taipu bila kutazama vidole. Nipo bado kwa Harishbhai, muuza cherehani na vipuri vyake hapa Mchafukoge. Siku hizi biashara zimefunguliwa, kila mtu anakwenda Dubai na kurudi na kitu. Wenzake wanarudi na mabeseni na redio. Harishbhai alirudi na kompyuta mbili na modemu mbili.

Modemu, kwa ambao hamjaiona, ni kisanduku kidogo kinachoiwezesha kompyuta kupiga simu. Cha huku kinapiga mluzi, cha kule kinajibu kwa mluzi, vikielewana basi mashine zinapeana barua. Na kompyuta zenyewe si zile za michezo ya karata. Hizi ni za mfumo wa jamii ya Unix: hakuna picha, hakuna rangi, ni maandishi meupe kwenye kioo cheusi, na ukikosea nukta moja zinakutazama tu. Kitabu chake kina unene wa tofali. Nimekisoma chote. (Kurasa kadhaa za mwisho nilizipitia juu juu, lakini na ninyi hamtazisoma.)

Moja tuliiweka hapa dukani, nikaiita Kulwa. Ya pili ilikwenda Upanga, kwenye fleti ya Harishbhai, anakofungulia barua za wauzaji wake wa nje. Hiyo nikaiita Doto. Kazi yao ni moja: kila saa Kulwa ampigie Doto simu, mwenyewe, bila mtu kugusa kitu, wapeane barua, wakate.

Na nani aliyezifunga? Mimi. Mpiga taipu. Hakuna mtu aliyenifundisha. Naomba mlikumbuke hilo mnapoendelea kusoma, kwa sababu huko mbele mtanisahaulia.

Wiki iliyopita Harishbhai aliniita mezani kwake.

“Zuhura, Alhamisi anakuja Mzee Mbwana na wenzake wawili kuona hizi mashine. Zikiongea, wewe ndiye fundi wangu wa kompyuta, na mtu wa taipu nitatafuta mwingine. Zisipoongea, Jumatatu namleta yule fundi wa Nairobi. Nimeshaongea naye.”

“Na mimi?”

“Wewe utarudi kwenye taipu. Si kazi mbaya.”

Si kazi mbaya! Nilikwenda nyumbani nimevimba. Fundi wa Nairobi aje na mkoba wake, akae kwenye kiti changu, aniagize chai? Niliapa kwamba hilo halitatokea, na wala haitachukua hadi Alhamisi.

Na kweli haikuchukua. Jumatatu Kulwa alipiga, Doto akapokea, barua ya majaribio ikaenda na nyingine ikarudi. Nilipiga kigelegele peke yangu mle ofisini mpaka wateja wakauliza nani kajifungua.

Kosa langu ni kwamba sikuishia hapo.

Jumanne alasiri nilikwenda Upanga kumpamba Doto. Maana mashine yoyote ya aina hii, ukiifikia, inakuuliza jina lako kwa neno moja kavu la Kiingereza. Hakuna karibu, hakuna habari za huko, hakuna hujambo. Nikasema haiwezekani. Kompyuta ikae Dar es Salaam, tena nyumbani kwa watu, ipokee wageni namna hiyo kama askari wa getini? Nikalifuta lile neno, nikaandika maneno yangu mazuri ya kukaribisha, kwa Kiswahili. Nikayajaribu palepale kwenye kibodi ya Doto: akanikaribisha, nikataja jina, nikaingia. Safi. Mama yake Harishbhai, ambaye sote tunamwita Ba, alikuwa pembeni ananitazama. Ba alifundisha shule ya msingi miaka mingi kabla ya kustaafu, na kitu kipya hakimpiti. Nikamfundisha kuandika barua, akaandika moja kwa mwanawe, ikakaa foleni kungoja Kulwa, niliyemzima dukani kabla ya kutoka, apige kesho yake.

“Na simu ikilia, Ba,” nikamwambia nikiondoka, “usipokee. Ni Kulwa huyo.”

“Sawa mwanangu. Nitailinda.”

Jumatano mgao wa umeme, mji mzima kimya, mashine zimelala. Ndipo ikaja leo.

Saa mbili kasoro nilikuwa dukani, gauni la bluu, nywele nimesuka, nimejipulizia hadi marashi ya mama. Nikamwasha Kulwa. Nikajua na kule Ba kamwasha Doto, maana nilimwachia maagizo. Nikamwamuru Kulwa apige.

Akapiga. Ikaita. Doto akapokea, wakapigiana mluzi, mluzi mzuri kabisa, wa watu waliopendana. Halafu kimya.

Nikangoja. Dakika ikapita. Kulwa akakata simu, akaandika kwenye daftari lake la kumbukumbu kwamba amengoja na muda umekwisha.

Amengoja nini? Hakusema.

Nikarudia. Mluzi. Kimya. Muda umekwisha. Nikarudia mara ya tatu, na mara hii nilishika pembe ya meza na kusoma dua. Mluzi. Kimya. Muda umekwisha.

Sasa, kile kitabu kinasema wazi, tena kwa herufi nene: ukiona hivi, jambo la kwanza ni kupiga simu kwa mkono wako mwenyewe kutoka kwenye kibodi, ukakaa ukatazama upande wa pili unaandika nini. Ni kazi ya dakika mbili. Nilikumbuka ukurasa wenyewe. Lakini nikajiambia hiyo ni hatua ya wanaoanza. Mimi naanza? (Jibu lipo chini.)

Nikaanza na waya. Nikauchomoa, nikaufuta kwa upindo wa gauni, nikauchomeka. Kimya. Nikauazima waya wa simu ya Harishbhai. Kimya. Nikapunguza mwendo wa modemu, labda wanaongea haraka hawasikilizani. Wakapigiana mluzi polepole, wakanyamaza polepole. Nikaipuliza vumbi. Nikaizima nikaiwasha. Nikaulaumu mgao wa umeme, nikasema umemharibu Kulwa moyo. Saa tatu Harishbhai akapitisha kichwa mlangoni.

“Mambo vipi, fundi?”

“Poa,” nikasema. “Laini tu inasumbua kidogo. Naita watu wa simu.”

Mnaona ninavyoanza? Laini.

Watu wa simu wakamtuma Bwana Komba, mtu mzima mpole, na mkanda wake wa kupandia nguzo na simu yake ya kupimia. Jua lilikuwa limeshashika. Akapanda nguzo ya mbele ya duka, akakaa juu huko muda mrefu, akashuka shati limeloa mgongo mzima.

“Laini nzima, dada. Mpaka pumzi inasikika.”

“Haiwezi kuwa nzima.”

“Nimeipima mara mbili.”

“Basi ipime mara ya tatu. Au masikio yameingia maji?”

Ndiyo, nilisema hivyo. Kwa mtu aliyetoka kwenye nguzo. Akanitazama, akafunga tena mkanda wake, akapanda. Huko juu sijui alikuwa ananiombea au ananilaani. Akashuka tena.

“Nzima,” akasema, akaketi kwenye boksi la cherehani kupumzika. Laiti angeondoka! Lakini alisema atangoja aione hiyo kompyuta inayokataa laini nzima, kwa sababu tangu aanze kazi hajawahi kuiona.

Saa nne juu ya alama wageni wakaingia. Mzee Mbwana mbele, kanzu nyeupe pe, kofia yake ya vito. Huyu ana maduka matatu ya khanga Kariakoo, na akinunua kitu leo, kesho mtaa mzima unakiulizia. Nyuma yake wenzake wawili, wafanyabiashara wa humo humo.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba binti yangu. Ndiye wewe fundi mwenyewe?”

“Ndiye mimi.” (Hapo hata Bwana Komba alikohoa.)

Mtu mwenye akili angesema, mzee, kuna hitilafu ndogo, nipeni nusu saa. Mimi nikatoa hotuba. Nikawaambia zama za kumtuma mtu na bahasha zimekwisha. Nikawaambia hizi mashine hazichoki, hazipotei njia, hazipiti kwa rafiki kunywa kahawa. Nikawaambia zitajuana zenyewe kama ndugu wa tumbo moja. Nilipendeza sana. Nilijisikiliza nikaona kweli nchi hii ina watu.

Nikabonyeza. Kulwa akapiga. Mluzi.

“Maashallah,” akasema Mzee Mbwana.

Kimya.

Tukakitazama kioo. Kioo kikatutazama. Feni ya juu ikazunguka. Kulwa akakata, akaandika yale yale.

“Sasa hapo zinafanya nini?” akauliza mmoja wa wageni.

“Zinafikiri,” nikasema.

Nikabonyeza tena. Zikafikiri tena. Harishbhai akawa anajifuta jasho shingoni kwa leso, na mimi nikajua ile leso ina safari ya Nairobi ndani yake. Nikaogopa, jamani. Na mimi nikiogopa naongea.

“Tatizo ni mvua ya juzi,” nikawaeleza. “Waya wa kwenda Upanga unapita Jangwani, na Jangwani mnakujua, maji yakijaa…”

Mzee Mbwana akaniangalia kwa huruma.

“Binti, mimi nimezaliwa Kariakoo. Kutoka hapa kwenda Upanga unapita Jangwani kufuata nini?”

Wageni wakacheka. Bwana Komba kwenye boksi lake akatikisa kichwa, taratibu, na nilijua anakitikisa kwa ajili ya waya wake. Nikaona nimebakiwa na mtu mmoja tu wa kumlaumu. Nikamlaumu.

“Basi nitasema ukweli,” nikasema. “Kuna mtu kule Upanga ananyanyua simu. Mashine zikianza kuongea, anainyanyua, zinakatika.”

Harishbhai akaiweka leso mezani.

“Kule Upanga sasa hivi yupo mama yangu peke yake.”

Nikajifanya nauweka sawa waya wa modemu.

“Unamsema Ba?”

“Sijasema Ba. Nimesema mtu.”

Akavuta ile simu yake mpya ya mezani, yenye spika, akabonyeza ili wote tusikie, akapiga nyumbani kwake. Ikaita mara moja. Mara mbili. Mara tatu. Ikapokewa, na sauti ikatoka kwenye spika ikajaa ofisi nzima: mluzi mkali, kisha mkoromo, kisha mluzi mwingine wa juu zaidi.

Mzee Mbwana akashtuka, akashika kifua.

“Innalillahi! Harish, mama anaumwa?”

“Siye mama, mzee,” nikasema. “Ni Doto.”

Maana Ba niliyemshuku, nilimwambia mimi mwenyewe asipokee simu, na hakuipokea! Akaiacha ilie mpaka mashine ikapokea. Ushahidi wa kwanza dhidi yangu ukawa umetolewa na modemu. Ikabidi Harishbhai ampigie jirani wa mlango wa pili, jirani akagonge, amwambie Ba kwamba simu inayofuata aipokee, ni mwanawe. Muda wote huo Bwana Komba anapunga hewa kwa bahasha.

Akapiga tena. Ikaita mara moja tu.

“Hallo? Harish?” Sauti ya Ba, safi, ya darasani.

“Mama, leo umegusa simu?”

“Niguse mimi? Toka asubuhi nimekaa kwenye kochi naitazama. Rafiki yangu alisema atanipigia saa tatu. Saa tatu ikalia, nikaiacha, sijui kama alikuwa yeye au Kulwa. Zuhura aliniambia nisiguse, sikugusa. Zuhura yupo?”

“Nipo, Ba. Shikamoo.” Sauti ilinitoka ndogo.

“Marahaba mwanangu. Hii mashine yako ina nini? Toka asubuhi inauliza swali, na hakuna anayejibu.”

Hapo hapo nikaelewa.

“Swali gani, mama?” akauliza Harishbhai.

“Limeandikwa hapa kwenye kioo. Yapo maneno mengi. Nisome?”

“Hapana, Ba!” nikasema. “Hakuna haja, nimeshajua, nita…”

“Soma, mama,” akasema Harishbhai.

Ngojeni niwaeleze nilichokuwa nimeelewa, maana ndiyo siri yenyewe. Kulwa hana akili ya kujitegemea. Anafuata karatasi ya maagizo niliyomwandikia Jumatatu: ukifika, ngoja mpaka uulizwe “login”, hapo taja jina lako, ngoja mpaka uulizwe “password”, hapo toa neno la siri. Asipoulizwa neno hilohilo, hajibu. Jumanne mimi nikamfundisha Doto kuuliza kwa Kiswahili. Kulwa sikumwambia. Kwa hiyo toka asubuhi Doto anamkaribisha mwenzake kwa heshima zote na kumwomba jina, na Kulwa amesimama mlangoni, mdomo umefungwa, anangoja Kiingereza. Mmoja anangoja jibu, wa pili anangoja swali. Wapole wote wawili. Hawa wangekaa hivyo mpaka kiyama.

Hakuna waya uliokatika. Hakuna maji ya Jangwani. Hakuna mtu aliyenyanyua simu. Ni mimi.

Lakini hilo, wenzangu, lingevumilika. Kukosea ni jambo la kawaida kwa fundi yeyote. Kilichonimaliza ni yale maneno yenyewe. Kwa sababu Jumanne, nilipokuwa naandika makaribisho, nilikuwa peke yangu, nina furaha, na nilidhani hayatasomwa na mtu mwingine ila mimi na mashine.

Ba akajisafisha koo. Mwalimu ni mwalimu. Alisoma kama anayesomea darasa la tatu imla, neno kwa neno, akisimama kwenye kila koma:

“Karibu, mgeni. Umefika kwa Doto, wa Upanga. Mashine hii imefungwa, na Bi Zuhura wa Gerezani, fundi mkuu, fundi asiyekosea. Nairobi watasubiri sana. Nani mwenzangu?”

“Halafu kuna mstari chini yake,” Ba akaendelea. “Nisome na huo?”

“Soma,” akasema Mzee Mbwana, naye sasa amesogeza kiti karibu na simu.

“Ukiona vyaelea, jua Zuhura ameviunda.”

Hapo ndipo palipasuka. Mzee Mbwana alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Wenzake wawili walishikana mabega. Harishbhai alijikaza kama bosi, akashindwa, akageukia ukutani, nikaona mgongo unatikisika. Mimi nilitazama chini ya meza kama nitaenea. (Sienei. Kuna maboksi.)

Bwana Komba peke yake hakucheka. Akainuka kwenye boksi taratibu, akashika mkanda wake, akaniuliza kwa adabu zote za kikazi:

“Nipande tena nguzo, fundi asiyekosea?”

Jamani! Ningepewa shimo ningelichimba mwenyewe. Nilisimama pale na gauni langu la bluu na marashi ya mama, masikio yanawaka, nikamwomba Bwana Komba radhi mbele za watu. Nikamwomba na Ba kwenye simu, nikamwambia nilidhani ni yeye aliyenyanyua.

“Ulidhani ni mimi?”

“Ndiyo, Ba. Nisamehe.”

“Nimekusamehe. Ila umekosea koma tatu.”

Wakacheka upya.

Harishbhai alipopata pumzi akasema, “Basi Zuhura, panda teksi nenda Upanga. Rudisha kile Kiingereza chake, yaishe.”

Na hapa, wenzangu, ndipo nataka msome polepole. Mtu yeyote aliyeumbuka kiasi hicho angekwenda. Mimi nilifuta machozi (ya hasira, tuelewane) nikasema:

“Hapana.”

“Hapana?”

“Doto hana kosa. Doto amempokea mgeni vizuri. Aliyekosa adabu ni Kulwa, na Kulwa yupo hapa. Nipeni dakika kumi.”

Harishbhai akatazama saa. Mzee Mbwana akasema, “Mpe. Mimi siendi popote, sijacheka hivi tangu Idi.”

Nikaketi. Sasa ndiyo nikafanya kile cha herufi nene: nikampigia Doto kwa mkono. Maneno yakaja kwenye kioo, herufi moja baada ya nyingine, fundi mkuu, asiyekosea, nikayatazama yote bila kupepesa, adhabu yangu hiyo. Mwisho: Nani mwenzangu? Nikaandika jina. Akauliza: Neno la siri, tafadhali? Nikashukuru nimetazama, maana na hilo nilishalisahau. Ningerekebisha moja ningekwama kwenye la pili, na hapo hata Ba asingeniokoa. Nikakata. Nikafungua ile karatasi ya Kulwa, nikaliondoa “login” nikaweka “mwenzangu”, nikaliondoa “password” nikaweka “tafadhali”. Maneno mawili tu. Vidole vyangu mnavijua, havikosi herufi.

Nikabonyeza. Nikafumba macho.

Ikaita. Mluzi. Kimya kidogo, kimya ambacho nilizeeka ndani yake. Halafu kile kitaa chekundu cha modemu kikaanza kupepesa, haraka haraka, bila kusimama, na hiyo ndiyo ishara kwamba barua zinapita.

“Zinaongea,” akasema Bwana Komba, wa kwanza kabisa. Alikuwa amesimama nyuma yangu, na niliisikia furaha kwenye sauti yake. Laini yake ilikuwa nzima.

Printa ikaamka, ikaanza kukereza. Barua ya kwanza ya biashara kuwahi kutoka Upanga kuja Mchafukoge bila mtu wala bahasha. Harishbhai akaichana kwa mbwembwe ili awasomee wageni. Akaanza kwa sauti kubwa, akapunguza, akanyamaza. Mzee Mbwana akaichukua mkononi mwake akaimalizia: Ba alikuwa anaomba aletewe kotimiri, bamia changa, na ndimu, na anamkumbusha mwanawe kwamba daktari amemkataza sukari na kwamba karatasi za jalebi anaziona kwenye mifuko ya suruali.

Sikucheka. (Nilicheka moyoni, tena sana.)

Mzee Mbwana aliikunja ile karatasi vizuri, akanirudishia mimi, si Harishbhai.

“Binti, mashine yangu itanikaribisha na mimi?”

“Itakukaribisha kwa jina, mzee.”

“Itatoa shikamoo?”

“Ikitaka kukaa dukani kwako itatoa.”

“Basi nifungie. Duka la Kariakoo na nyumbani. Ila usiniandike mimi kwamba sikosei, wake zangu watajua ni uongo.”

Wenzake wakasema watatazama ya mzee kwanza, halafu wataongea. Mimi najua maana yake, na ninyi mnajua.

Walipoondoka, Harishbhai aliikunja leso. Halafu akapiga Nairobi, mbele yangu, bila spika. Nilisikia upande wake tu. “Ndiyo… hapana, hakuna haja tena… ninaye wa kwangu.” Akaweka simu. Hakunipa hongera, si mtu wa hongera. Aliniambia kesho nimtafutie kijana au binti wa taipu, nimpime mwenyewe, asiwe na maneno mengi kama mimi.

Wenzangu, wa kwangu! Nimetoka nje nikasimama chini ya ile nguzo ya Bwana Komba nikalia kidogo, na sasa haikuwa hasira.

Yale maneno ya Doto sijayafuta. Koma tu ndizo nimezirekebisha, kwa amri ya Ba, na barua hii mnayoisoma imepita hapo kwa Doto kabla sijaichapa, imeulizwa nani mwenzangu, ikajibu. Nimejifunza nini? Kwamba kitabu kikiandika kwa herufi nene, ni kwa ajili ya watu kama mimi. Basi, chekeni, najua mmeshaanza. Ila mcheke kwa adabu kidogo, maana kuanzia leo mnamcheka fundi.